Mkono wa Josepha

...presha mia na tisini kwa mia na ishirini, anasema daktari kwenye simu, Mama Rogath unanisikia, na Matilda anaitikia nakusikia daktari huku macho yake yako kwa Josepha, wifi yake, aliyejishikiza kwenye rafu ya vitenge, tangu juzi ni hilo hilo, wifi kichwa, wifi naona nyota, kunywa chai, alimjibu, Kariakoo nzima inaumwa kichwa... "Kichwa kinauma? Unaona maruweruwe?" Mimi? Mimi mzima, anasema, ingawa hajui, mkono wake mwenyewe haujafungwa ile mashine ya presha tangu Pasaka, tangu siku namba zilipopanda, na namba zake zinaruka zenyewe mpaka kwenye simu ya daktari, na daktari akampigia Rogath, mwanawe, aliyeinunua, naye Rogath akasema mama ikirudia hivi duka nafunga, unaenda kijijini Kibosho kupumzika, kupumzika! akakae barazani kutazama migomba mpaka afe, yeye aliyelijenga duka hili kwa mgongo wake... kesho yake alfajiri akamwambia Josepha lete mkono, na Josepha akaleta, hakuuliza, tangu mumewe Allen, kaka yake Matilda, azikwe anakula kwa Matilda, aulize nini, na ulikuwa mkono mzuri, mtulivu, daktari akampongeza Matilda, akampunguzia na dawa, leo mkono huo huo umemgeuka, anauchukia, ungeharibika mwezi mwingine, siyo leo mzigo mpya umeingia... "Mama, unaweza kupooza hapo ulipo. Funga duka uje. Nampigia na Rogath." Usimpigie Rogath! limemtoka kwa sauti, wateja wamegeuka, basi aseme, maneno machache tu, daktari huo ni mkono wa wifi yangu, Josepha apandishwe bajaji sasa hivi apone, na jioni funguo ziwe mfukoni kwa Rogath, neno limefika kooni kabisa, anausikia ule mlima wa Kibosho, ule ukimya wake, anameza... "Daktari, nilipima vibaya, nilikuwa nimetoka kupanda ngazi." "Haya, tulia upime tena sasa, niko hapa hapa naangalia." Apime tena, na Josepha amesikia neno kupima, anakuja mwenyewe, anashika kaunta, anashika kiti, mkono wa gauni ameshaupandisha kwa mazoea, "Nije, wifi?" na upande mmoja wa mdomo hauendi sawa na mwenzake, Matilda ameuona, ameuona vizuri kabisa, Mungu wangu, anaweza kuanguka hapa dukani, mbele ya wateja... anatikisa kichwa, mkono huo hapana, huo umekwisha, anaziba simu kwa kiganja, anatazama nje, Zamzam muuza uji anaosha vikombe, mwembamba, mzima, anaimba, "Zamzam, mwanangu, hebu njoo mara moja," na Josepha bado amesimama pale, mkono ameunyoosha, anasubiri afungwe.