Kilomita Kumi na Moja kwa Lita

Saa kumi na mbili u nusu asubuhi, katika yadi ya kukodisha jenereta mtaani Satellite, Awuor alikagua tela kama kawaida: pini, mnyororo, taa, upepo wa magurudumu. Jenereta iliyofungwa juu yake ilikuwa na uzito wa tani moja na nusu. Pikapu ya kuivuta ilikuwa ya dizeli, ya gia za mkono, na klachi yake ilikuwa nzito hivi kwamba madereva watatu waliiacha kabla ya kampuni kukubali kumpa mwanamke. Kitambulisho cha Awuor kilikuwa na jina la baba yake. Hakuna aliyemuuliza kama yeye ni mjane wa Ochola, aliyeiendesha pikapu hiyohiyo kwa miaka tisa.

Ochola alifukuzwa mwezi wa Februari kwa wizi wa dizeli. Kampuni ilikuwa imeamua kwamba pikapu ile inakwenda kilomita kumi na moja kwa lita, na kweli ndivyo ilivyokwenda ikiwa haina kitu nyuma. Ikivuta jenereta ilikwenda saba, labda nane kwa dereva mwenye mguu mwepesi. Ochola alikuwa na mguu mwepesi. Alibadilisha gia kwa wakati wake, hakugusa ya tano akiwa na mzigo, na aliacha nafasi mbele yake ili asikanyage breki ovyo. Hata hivyo, kila lita iliyozidi iliandikwa kwamba ameiiba. Alikufa wiki tano baadaye, kwa presha, akiwa ameketi kitandani akifunga kamba za viatu. Barua ya wizi ilibaki kwenye faili lake.

Awuor alitaka barua hiyo itolewe. Hakutaka kingine. Angevuta jenereta mwezi mzima, gari lingekula dizeli linayoila, halafu angesimama mbele ya Kiilu, msimamizi wa magari, akiwa hana hata tone la dizeli ya wizi nyumbani kwake, amwonyeshe ile saba.

Aliyemharibia mpango alikuwa Ochola mwenyewe.

Siku ya kwanza, pale unapoiacha barabara ya Haile Selassie na kuanza kupanda Upper Hill, Awuor aliingiza gia ya pili, na gari likapanda kana kwamba halivuti kitu. Akatazama kioo cha pembeni. Ochola alikuwa nyuma ya tela, mikono miwili kwenye chuma. Alivaa suti aliyozikwa nayo, ila koti alikuwa amelivua na kulikunja vizuri juu ya jenereta. Walipofika juu alikuja dirishani, akijipangusa shingo.

"Mama Ryan, unaweka ya tatu mapema sana. Unaikaba injini."

"Baba Ryan, acha kusukuma."

"Wakuandikie wizi kama mimi? Aa, wapi. Endesha."

Awuor alimbembeleza, akamnunia, akabadilisha njia. Alijaribu Valley Road, akajaribu Ngong Road yote mpaka mwisho. Ochola alizijua njia zote, na kila penye mwinuko alikuwapo. Siku moja askari wa trafiki aliwasimamisha. Alikagua leseni, akalizunguka tela, akamtazama Ochola kutoka kichwani hadi miguuni.

"Madamu, huyu wako wa nyuma hana reflekta."

"Amekufa, afande."

"Hiyo naona. Lakini lori ikija nyuma yake itajuaje?"

Jioni hiyo Awuor alimnunulia jaketi ya kung'aa, ya manjano. Ilimtosha, ila mikono ilikuwa mifupi kidogo.

Mwezi ulipoisha, hesabu ilikuja kumi na moja kamili. Awuor akaingia kwa Kiilu, akamwambia yeye ni mke wa nani na amefuata nini. Kiilu hakuwa mtu mbaya. Alimpa kiti.

"Mama, gari yako inaenda kumi na moja. Sasa unalalamikia nini?"

"Inasukumwa. Panda uone."

Kesho yake walijaza tangi mpaka shingoni na kurudisha kipimo cha safari kwenye sufuri. Asubuhi hiyo Awuor alikuwa amemvuta mumewe nyuma ya stoo. "Leo tu," alimwambia. "Leo kaa chini, injini ingurume." Ochola aliahidi. Alikaa juu ya tela, mikono magotini, na Ngong Road yote hakutikisika. Lakini mlimani gia ya pili ilianza kulia, na yeye alikuwa ameisikiliza injini ile miaka tisa. Akashuka.

Kiilu aligeuka, akachungulia kioo cha nyuma.

"Ni yeye?"

"Ni yeye."

"Amekonda."

Waliporudi wakajaza tena kwenye pampu ileile. Kumi na moja nukta mbili.

"Andika kwamba anasukuma," Awuor alisema.

"Niandike wapi? Fomu iko na kilomita, iko na lita. Haina mahali ya mtu."

"Basi ujue alipokuwa hai hakuna aliyemsukumia."

Kiilu aliiweka kalamu chini. "Hiyo ni kweli," alisema. "Lakini barua ilisema gari inafika kumi na moja. Leo imefika, na mimi nilikuwa ndani. Nikisema barua ilikosea, nitakuwa nimedanganya."

"Na huyo uliyemwona?"

"Nimemwona, mama. Mwambie pole ya kazi."

Aliigonga fomu muhuri, akaiweka nakala kwenye faili la Ochola, juu ya barua ya wizi. Jumatatu tangazo lilibandikwa: kwa kuwa imethibitishwa, kumi na moja itafuatwa na madereva wote. Musembi wa pikapu ya pili, aliyekuwa akipata saba na nusu, alipewa onyo siku hiyohiyo.

Awuor aliandika barua ya kudai jina la mumewe lisafishwe, akaipeleka kwa mkono ofisi kuu katikati ya jiji, akadai muhuri wa kupokelewa. Wiki iliyofuata alipeleka ya pili. Ya tatu. Alipopeleka ya nne, Nyawira wa mapokezi alichukua muhuri alipomwona tu mlangoni.

"Si uchoke, mathe?"

"Wewe ongeza wino."

Alhamisi, walipokuwa juu ya mlima, Ochola alikuja dirishani. "Kesho nitachelewa. Musembi ana mzigo wa Ngong Road, na mguu wake mzito."

"Baba Ryan, hao ndio waliokuua."

"Musembi hayumo."

Ijumaa saa tatu na robo Awuor alifika chini ya mlima, akatazama kioo, hakuona mtu. Akaegesha kando kumngoja. Akazima injini, kwa sababu ikinguruma bure inakula dizeli, akaweka karatasi juu ya usukani na kuanza barua ya tano.