Jina Linalovuka Mto

Sauti ya Kandida ilikuwa ndogo, na hilo alilijua kabla ya kuambiwa na mtu. Alipokuwa mwanafunzi waliisifu kuwa sauti ya adabu. Sasa ni mwalimu, mwaka ule wa hamsini na tano, ana watoto arobaini na wawili ng'ambo ya mto Kilombero, na wale wa nyuma walikuwa wakijilalia zao huku yeye anafundisha. Padri msimamizi wa shule alimwambia waziwazi, bila ukali, kwamba Ijumaa kabla ya Pentekoste atakuja kukaa dawati la mwisho, na asiposikia, Kandida atahamishiwa chumba cha kushona. Kandida hakutaka kushona. Alitaka kufundisha tangu akiwa na meno ya utoto, na ule ubao hakuwa tayari kuuacha.

Sasa sisi watu wa bondeni, mpunga ukianza kutoa punje, tunajua sauti kubwa ya aina moja tu: ya kufukuzia ndege. Basi Kandida, maskini, akapanda dunguni, kile kichanja cha kulindia mpunga, katika shamba la baba yake kule Katindiuka, akapiga kelele siku tatu mfululizo. Ndege wakaondoka, na sauti nayo ikaondoka. Jumatatu alipofika Kivukoni kumwita Donati, mwenye mtumbwi aliyekaa ng'ambo, ilitoka mikwaruzo mitupu. Akangoja mpaka akaja mtu wa baiskeli, akaita yeye.

Donati alimcheka njia nzima. Alikuwa mtu wa makamo, na alikuwa na tabia moja iliyomkera sana Kandida: ukisema naye, anakukodolea macho mdomoni, hapepesi hata kope. Kandida alipojaribu kumpaazia ile sauti iliyobaki, Donati aliinua kafi juu ya maji.

"Usinipigie kelele, mwalimu," alisema. "Mimi si ndege."

Kisha akamweleza. Kelele za dunguni zinatoka kooni, zinapanda na kufia hapo hapo juu. Sauti ya kuvuka mto inatoka chini. Avute pumzi mpaka fundo la kanga limbane kiunoni, asiinue mabega, kisha aliachie jina lake mwenyewe polepole na asiumeze mwisho wake. Tangu kesho, akasema, Kandida akiwapo ukingoni, mtumbwi hauji kwa sauti ya mtu mwingine.

Asubuhi za mwezi wa tano ukungu ulilala juu ya mto, ng'ambo isionekane. Kandida alisimama kwenye mchanga wa baridi, akapumua, akaliachia jina lake. Alilisikia likiondoka taratibu, likiwapita viboko, likienda peke yake. Siku nyingine alihisi kwamba Kandida mwenyewe ameshafika kule, amekaa, anasubiri huyu wa huku aletwe. Kwa mbali, ukungu ulipopasuka kidogo, alimwona Balbina, mke wa Donati, akiosha vyungu karibu na mumewe kama ilivyo kawaida yake. Na darasani akaanza kuyaachia maneno vile vile, kutoka kwenye fundo.

Ijumaa ikafika. Ukungu ulikuwa mzito, na hapakuwa na msafiri mwingine. Kandida akaita. Kimya. Akaita tena. Kimya, na padri huenda amekwisha kaa dawatini. Koo likataka kupiga ile kelele ya dunguni. Jamani, aliogopa. Akashika fundo la kanga, akavuta pumzi ndefu, akaliachia jina lake na la baba yake, Kandida Fridolini, mpaka mwisho. Akangoja. Kisha akasikia kafi likigusa maji.

Donati alimvusha. Macho yake yalikuwa yamelowa, na Kandida akadhani ni ukungu. Padri alikaa nyuma mpaka saa nne, akatoka akisema amesikia kila kitu, hata vituo. Kandida atabaki na ubao wake.

Alasiri alirudi mtoni kwa furaha, akamkuta Balbina anatoka msibani kijiji cha Mbingu alikokuwa tangu jana, mzigo ungali kichwani. Kandida akamwamkia. Balbina akauliza nani amemvusha asubuhi, na alipoambiwa ni Donati, akauliza nani alimgusa bega.

"Hakuna mtu, mama. Nimemwita tu."

"Yule hasikii mtu wa ng'ambo, mwanangu," alisema Balbina. "Tangu zile dawa za kwinini zilipomziba masikio, mwaka juzi. Ninyi mkiita, mimi ndiye ninayemgusa."

Walikuwa wamelificha jambo hilo, kwa sababu nani atapanda mtumbwi wa mtu asiyesikia viboko? Kandida akakumbuka yale macho yasiyobanduka mdomoni kwake, akaona aibu. Balbina alitua mzigo, akaukalia.

Donati alikuwa majini, amewapa mgongo, anachota maji yaliyoingia mtumbwini. Kandida hakumfuata. Alishika fundo la kanga, akavuta pumzi, akamwita kwa jina lake.

Mkono wenye kata ukasimama. Donati akageuka, akamtazama, machoni safari hii.

"Nimesikia, mwalimu," alisema. "Mimi si ndege."