Muzee Anatafutwa Kwenye Mikro

Vakansi kubwa za masomo zilipoanza, Adalbert alimwachia muke wake agizo moja tu kabla ya kupanda boti ya Bukavu: "Papa akishuka kutoka Matanda, kule Masisi, musimufungie ndani ya nyumba. Mumupeleke pahali pa kuchangamuka, yeye na batoto." Halafu huyo, akaenda zake. Wanaume bwana! Kutoa amri ni rahisi wakati mguu mmoja uko tayari ndani ya boti.

Mukashyaka hakuogopa kumtembeza baba-mukwe wake mujini. Aliogopa kumkosea heshima. Kwao, muke aliyelelewa vizuri hali mbele ya baba-mukwe, hamkazii macho, na zaidi ya yote hataji jina lake. Si kwa sauti, si kwa kunong'ona. Hata kwenye maombi alikuwa anasema, "Mungu, umulinde papa ya Adalbert," akamwachia Mungu ajazie mwenyewe. Siku ya ndoa, mashangazi wa Adalbert walikuwa wamekunja midomo wakisema kwamba musichana wa mujini Kiwanja, aliyekulia kati ya soko na pikipiki, atawaaibisha kabla ya wiki kwisha. Miaka ilipita, watoto wakazaliwa, na lile jina halikuwahi kupita kinywani mwake. Hiyo ndiyo ilikuwa fahari yake, na aliishika kwa mikono miwili.

Basi siku ya posho, Jumamosi, wakaenda wote kwenye ile bustani mupya ya michezo, kando ya ziwa. Ilionekana Goma nzima ilikuwa imepata wazo lile lile. Bafle zilipiga muziki hadi mutu anasikia tumbo likitikisika. Kulikuwa na vigari vya kugongana, mashua ya kubembea inayopanda mpaka watu wanalia, na farasi wa mbao wanaozunguka. Muzee alisimama mbele ya wale farasi, amevaa kofia na kabuti lake zito, fimbo mukononi, na jicho lake moja lenye ukungu limefungwa ili lile zima lione vizuri.

"Farasi hawa wanaenda wapi?" akauliza.

"Habaende pahali, Sogokuru," akajibu Héritière, mujukuu wake mukubwa. "Banazunguka tu."

"Halafu?"

"Halafu banarudia pale pale."

Muzee akafikiri sana. "Sasa walitoka kufanya nini?"

Na kule kwenye vigari, watu wazima walikuwa wanagongana makusudi halafu wanapeana mikono. Muzee alitazama akatazama. Kwao mutu akikugonga, munaenda kwa chifu.

Mukashyaka aligeuka kidogo tu, ampungie mukono mutoto wake Lionel aliyekuwa anapiga kelele juu ya mashua. Alipogeuka tena, muzee hayuko.

Ayi, Mungu wangu! Akatafuta kwenye farasi, hakuna. Kwenye vyoo, hakuna. Kila pahali kofia, kabuti, migongo ya watu. Akapiga simu ya Adalbert; anayejibu ni yule mwanamuke wa réseau tu, kwamba mutu wako hapatikani. Lionel aliposhuka, akawashika watoto mikono, akakimbia hadi kwenye kibanda cha matangazo.

Ndani aliketi Carlos, baba mwenye tumbo kubwa ambaye hutangaza arusi mujini kote na anaipenda sauti yake kuliko chakula.

"Tulia, mama. Tunamupata sasa hivi. Jina?"

"Ni papa ya Adalbert."

"Adalbert ndiye amepotea?"

"Hapana. Adalbert iko Bukavu."

"Sasa yule wa Bukavu tunamutafutia nini hapa?" Carlos akajikuna kichwa. "Yeye mwenyewe muzee, anaitwa nani?"

Mukashyaka akatazama chini. "Ni baba-mukwe wangu."

"Sawa. Jina?"

"Nimesema, ni baba-mukwe!"

Carlos akawageukia watoto. "Sogokuru wenu anaitwa nani?"

"Anaitwa Sogokuru," akasema Lionel. Héritière naye akafungua mdomo akaufunga. Kumbe hata watoto hawakulijua! Wangelisikia wapi? Baba yao anamwita Papa, mama yao hamwiti kabisa.

"Kama mdomo unakataa, andika," Carlos akamsukumia kalamu.

"Kuandika ni kutaja kwa mukono," akasema Mukashyaka, na machozi yakaanza kumtoka. Alijiona mujinga, na bado hakuweza.

Carlos akavuta pumzi, akashika mikro: "Tunatafuta muzee mwenye kofia, fimbo na kabuti! Bibi ya mutoto wake anamungojea hapa!"

Wakaja watatu. Wote na kofia, wote na fimbo, wote na kabuti, na hakuna hata mumoja aliyekuwa wake. Wa kwanza alisema hakupotea, amekuja kuona kama kuna chakula. Wa pili aliuliza ni mutoto gani huyo aliyeoa bila kumwambia. Wa tatu akamtazama Mukashyaka juu na chini, akasema, "Mbona umenenepa hivi?" akakaa kwenye kiti na kukataa kutoka, eti bibi ya mutoto wake amempata. Mukashyaka akawapa pole wote watatu, bila kujua tena nani amepotea na nani anatafuta.

Hapo mama mumoja muuza maandazi akapita. "Munatafuta muzee? Nimeona mumoja anashuka chini peke yake, kule ukuta haujaisha kujengwa."

Kule ukuta haujaisha ni majini. Na jicho moja lina ukungu.

Mukashyaka hakujua alivyofika kwenye mikro. Aliona tu mukono wake umemnyang'anya Carlos. Akawaza mashangazi, midomo yao iliyokunjwa, wakisema: si tuliwaambia? Akawaza miaka yote ile ya kunyamaza. Moyo ulimuuma kwelikweli, kwa sababu alijua neno likitoka halirudi. Carlos akazima muziki.

"Nizeyimana!"

Akarudia kwa nguvu zaidi:

"Nizeyimana wa Matanda! Nizeyimana weee! Usiende majini, rudi!"

Bafle zote zililitupa jina lile juu ya farasi, juu ya vigari, mpaka ziwani. Halafu, kutoka huko chini, nyuma ya moshi wa wachoma samaki, sauti ya muzee ikajibu kwa nguvu:

"Karame!"

Ndivyo mutoto wa milimani anavyoitika mama yake akimwita. Muzee akatokea anakimbia. Anakimbia, mutu mwenye wajukuu, fimbo ameiacha huko! Akafika anahema, akatazama huku na huku.

"Nani ameniita?"

Lionel akamwonyesha mama yake kwa kidole. Mukashyaka akapiga magoti palepale penye maganda ya karanga.

"Unisamehe, Papa."

Héritière akawahi kuuliza: "Sogokuru, hukusikia walivyotangaza kwanza?"

"Nilisikia. Walitafuta muzee mwenye kofia. Nikaona wazee wenye kofia wamejaa hapa, nikasema huyo atapatikana tu." Akapangusa jicho, lile zima. "Mimi mulango ulinipotea. Watu wanazunguka, farasi wanazunguka, nikaogopa. Halafu nikasikia mama ananiita. Nikasahau kwamba alikufa. Tangu yeye, hakuna mwanamuke aliyeniita."

Mukashyaka alingojea makaripio. Hayakuja, na kutokuja kwake kulimchanganya zaidi.

"Inuka," akasema muzee mwishowe. "Na usirudie tena."

"Ndiyo, Papa."

Fimbo ikaletwa. Wakaelekea mulango, muzee mbele, wao nyuma. Akasimama kidogo, bila kugeuka.

"Isipokuwa nikipotea," akasema, akaendelea.

Karibu na mulango watu walikuwa wanasongamana. Mukashyaka akainama kumfunga Lionel kiatu, akainua kichwa: muzee hayuko. Yesu wangu, tena! Kisha akamwona. Alikuwa amejificha nyuma ya nguzo nyembamba isiyoweza kumficha hata Lionel, kabuti limejaa pande zote mbili, uso ameelekeza ukutani. Amesimama kimya, anangoja.

"Mama, Sogokuru si ule pa—" akaanza Lionel.

"Nyamaza," akamwambia, akamshika mukono.

Akatazama kulia na kushoto. Shangazi hakuwepo hata mumoja. Akafungua mdomo, akamwita jina lake lote, polepole, ili lisiishe haraka.