Njia Ambayo Sikuichora

Ukiingia mtaani kwetu kutoka barabara kuu, kitu cha kwanza utakachokiona ni ubao wangu. Ni mkubwa kuliko mlango wa gereji, na mtaa mzima umo: shule mbili, zahanati, msikiti, kanisa, ofisi ya maji, nyumba za zamani za bati kwa rangi ya kahawia, na magorofa ya wageni kwa rangi nyeupe. Nyeupe ndiyo iliyoniishia mapema. Kila nilipodhani nimemaliza, kulizuka paa jipya, na mwenye paa akaja kusimama chini ya ngazi yangu akiuliza mbona yeye hayumo.

Wageni nawaita wageni hata kama wana miaka sita hapa. Walifuata ziwa, halafu wakajenga kuta ndefu wasilione. Walifuata hewa safi, halafu wakalalamika kwamba hewa inanuka samaki. Ziwa linanuka samaki. Walitaka linuke nini, uturi? Aliyewazidi wote ni jamaa tuliyempa jina la Bwana Geti, maana nyumba yake moja ina mageti matatu. Mwaka wake wa pili hapa alikuwa tayari mwenyekiti wa kamati ya wakazi, na ndiye aliyeniagiza kazi ile.

"Fundi, weka kila kitu," aliniambia. "Mtu akisimama hapa aujue mtaa mzima bila kumuuliza yeyote."

Maneno hayo yalinichoma. Bila kumuuliza yeyote! Sisi tuliozaliwa hapa tuwe nani sasa, nguzo za umeme?

Basi nikaweka kila kitu isipokuwa njia yetu. Ilikuwa njia ya miguu, ikitoka kwenye nyumba za bati, ikipenya kati ya viwanja hadi ufukweni, upana wake wa kupishana watu wawili wenye beseni kichwani. Mwisho wake dada yangu ana vichanja vya kuanikia dagaa, alivyoachiwa na mama. Asubuhi anapokea mzigo majini, anaanika, jioni anapandisha sokoni. Wanawe watano wamesomeshwa na vichanja vile, na mimi mdogo wake nilivishwa navyo kabla sijajua kushika brashi. Njia nyingine ya kufika pale hakuna, labda uwe na mtumbwi.

Nilijiambia, njia hii tunaijua wenyewe, ya nini kuichora? Ramani ni ya wasiojua. Nikiichora, Jumapili watashuka na mbwa wao na viti vya kukunja, na wiki inayofuata wataanza kuuliza vichanja vitaondoka lini. Nikapaka kijani mahali pake, vichaka vizuri kabisa, na nilifurahi mno, sifichi. Kwenye kona nikaandika tarehe, na chini yake maneno iliyoyataka kamati: "Imechorwa na mwenyeji, imehakikiwa na wazee." Wazee walihakiki kwa kutafuta kila mmoja paa lake. Kila aliyeliona akatia sahihi.

Mwaka haukuisha, Bwana Geti akanunua kiwanja cha pili na kupitisha ukuta juu ya njia. Dada alifika na beseni lake akakuta tofali zimemfika kifuani. Yeye si mtu wa kulia. Alirudi nyumbani, akabadilisha gauni, akaenda ofisi ya ardhi kushtaki. Wiki mbili akawa anapitia uani kwa jirani, na jirani naye akaanza kununa.

Afisa ardhi alikuja Jumanne saa nne asubuhi, mwanamke wa makamo, viatu vimejaa vumbi. Nusu ya mtaa ilijazana mbele ya ukuta.

"Dada, unayo karatasi yoyote ya njia hii?" akamuuliza dada yangu.

"Karatasi? Karatasi yangu ni miguu hii. Miaka thelathini na mbili imepita hapa."

Watu wa nyumba za bati wakapiga makofi. Afisa akatabasamu, lakini kalamu haikuandika.

"Mtaa huu haujapimwa, ofisini sina ramani yake," akasema. "Nahitaji mchoro wowote uliotangulia ukuta."

Bwana Geti hakupandisha hata sauti. "Upo, mheshimiwa. Pale barabarani. Na aliyeuchora ni mdogo wake huyu mama."

Tukaandamana hadi barabarani, dada akiwa mbele, akitembea haraka kwa furaha, kwa maana alikuwa na imani na mkono wangu. Hakuwahi kuusoma ubao ule. Ausome wa nini, naye anajua anakokwenda?

Afisa akasoma tarehe. Akaweka kidole kwenye nyumba za bati, akakisogeza kuelekea ziwani. Kilipofika kwenye kijani changu, kikasimama.

"Fundi ni nani?"

"Mimi."

"Njia iko wapi?"

"Ipo. Sikuichora tu."

"Ulisahau?"

Ningesema ndiyo, pengine mambo yangekuwa mengine. Lakini Bwana Geti alikuwa anatabasamu pembeni, na hasira zikanipanda.

"Mimi nisahau njia ya mama yangu? Niliificha! Sikutaka hawa waijue!"

Wageni wakaangua kicheko, na Bwana Geti akacheka kuliko wote.

"Njia ya umma haifichwi, fundi," afisa akasema taratibu, wala hakuwa na ubaya. "Kama ilikuwa yenu peke yenu, basi ilikuwa inapita kwenye viwanja vya watu kwa hisani tu." Akaupiga ubao picha, akaandika, akafunga daftari.

Niligeuka nimtukane Bwana Geti. Matusi nilikuwa nayo ya kutosha, nimeyaweka akiba tangu aniagize kazi, ila hapo sikuona hata moja linalomstahili yeye kuliko mimi. Nikamtazama dada. Alikuwa amesimama mbele ya vile vichaka, anavipapasa kwa kiganja.

"Umefaulu, mdogo wangu," akasema. "Kweli hawakuijua."

Akajifuta mkono kwenye kanga.

"Kesho uje mapema, uje na shoka. Jirani alishasema, ukuta ukibaki atatupa siku moja tu ya kuitoa miti ya vichanja kupitia uani kwake."