Lori Lisilo na Magurudumu

Bosi alitaka kujua ni wateja gani wanaotumia API yao, yaani njia ya programu za wateja kuulizia data, kupita kiasi, hivyo fundi wa programu akashinda asubuhi akitengeneza kifaa cha kuchota data hizo. Hakikuwa na vitufe wala rangi. Unaandika amri moja kwenye dirisha jeusi, nacho kinamwaga kila ombi: nani kauliza, kuhusu simu ipi, lini. Kampuni yao iliwahudumia wenye malori. Mteja akisajili namba ya dereva, anaonyeshwa alipo. Jirani yake wa meza alimtania kwamba kaolewa na lile dirisha.

Data zikateremka. Mteja mmoja alikuwa akiliulizia lori moja bila kupumua, na lori lenyewe halikwenda popote ila sokoni, zahanati na kurudi. Fundi akaitazama namba ya dereva. Ilikuwa ya mdogo wake wa kike, aliyemkimbia mumewe na kujificha mtaa wasioujua hata mashangazi. Na shemeji ndiye aliyekuwa na malori.

Halafu akaona maombi yamekoma punde tu. Anayetafuta huacha kuuliza akishafika.

Akampigia.

"Dada, yuko mlangoni," mdogo wake alinong'ona. "Anabisha hodi kwa upole."

"Usifungue. Iache simu hapo, pitia uani, nenda kwa jirani."

Shemeji alivunja mlango, akaambulia simu. Jioni hiyo fundi aliufunga ufunguo wa mteja yule wa kuulizia data, akamhamishia mdogo wake kwa rafiki yake, na yeye mwenyewe akalala huko.

Asubuhi bosi akamwita. Mteja kalalamika, alisema, na ufunguo umeshafunguliwa tangu alfajiri. Fundi akaeleza yote. Bosi alisikiliza akikuna kidevu.

"Ya mke na mume hayaingiliwi," alisema. "Wewe malizia ripoti."

Alirudi mezani, akaandika amri yake. Shemeji alikuwa amesajili lori jipya. Namba ya dereva ilikuwa ya fundi mwenyewe, na ombi la kwanza liliingia alfajiri, yeye akiwa bado amejinyoosha kando ya mdogo wake.

Akanyakua simu ya ofisi, akampigia rafiki yake. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena huku amesimama, mkoba begani.