Simu Iliyoshiba

Adolfu alibonyeza kitufe chekundu, na Bibi Cornelia akaanza kama wanavyoanza wazee wa Mpui wanapotoa ushahidi.

"Mimi ni Cornelia, mtoto wa Mathias. Mathias alizaliwa na Marselino, yule aliyehamia hapa kutoka Kasanga. Mama yangu ni Lucia, na huyo Lucia..."

Simu ikakata. Nafasi imejaa, iliandika.

Gari lilikuwa uani, limewashwa. Edith, binti wa bibi, alikuwa amekuja kumchukua mama yake wakaishi wote Mbeya, na bibi ndiye pekee aliyebaki hai kati ya waliokuwepo baba yake Adolfu alipoonyeshwa mipaka ya shamba lake. Sasa jirani, Raphael, alikuwa amelima mpaka katikati ya ulezi wa Adolfu akidai ni kwake. Baraza la kata lilisema bibi asipoweza kufika, iletwe video yake. Bila hiyo shamba linakwenda.

"Bibi, safari hii sema mpaka tu."

"Mpaka tu? Unasemwa na nani, mbuzi? Wasiponijua ni wa nani wataniaminije?"

Akarekodi tena. Bibi akafika kwa Lucia, simu ikakata.

Bertilla, mkewe, alisimama mlangoni. Yeye alikuwa na simu ya kitochi isiyopiga hata picha. "Baba Victor, futa yale maua."

Akafuta. Waridi za asubuhi njema kutoka kundi la jumuiya, vikombe vya chai kutoka kundi la ukoo, kwaya nzima ikiimba mara nne. Kidole kiliuma. Simu ikaandika vilevile. Hakujua kwamba picha ukishazifuta zinakaa kwanza kwenye pipa la simu, zinaendelea kula nafasi ileile.

Siku anainunua Sumbawanga mjini, muuzaji alimwambia hataijaza hata akizeeka nayo. Akaweka vijiprogramu vya redio, masomo ya misa, hali ya hewa, mpira. Kila kimoja kiliingia kidogo kama mgeni mwenye mfuko mmoja. Halafu kila wiki kikaomba kusasishwa, kikanenepa, na hakuna hata kimoja kilichoaga.

"Dada Edith," alisema Adolfu, na jasho lilikuwa limemjaa mgongoni, "niazime ya kwako. Dakika chache."

Edith alikuwa anafunga mkoba. "Raphael ni shemeji yangu. Kesho video inaonekana imetoka kwangu, mimi nitalala wapi? Usiniingize."

"Basi nisaidie, nitoe nini humu?"

Akaitazama simu kwa pembeni. "Programu ya meseji. Ndiyo inayokumaliza. Itoe yote."

"Na makundi?"

"Utaomba wakurudishe. Au baki na maua yako."

Dereva akapiga honi. Adolfu akaibonyeza ile programu, simu ikamuuliza kama ana uhakika. Akajibu ndiyo. Kiduara kikaanza kuzunguka. Kikazunguka huku bibi akisaidiwa kusimama, kikazunguka huku akivuka ua na kupandishwa kiti cha nyuma, na Adolfu akatembea nyuma yao ameinamia kioo cha simu kama mtu anayefuata mwizi wa kuku.

Kikatulia. Nafasi ikawa tele.

Akaisukuma simu dirishani. "Bibi, sema."

Bibi akajiweka sawa, akapangusa mdomo kwa ncha ya khanga. "Mimi ni Cornelia, mtoto wa Mathias."

"Mpaka, bibi. Nakuomba."

"Ninakuja. Mathias alizaliwa na Marselino..."

Gari likasogea. Adolfu akaenda nalo, mkono umeinuliwa. Vumbi likainuka, na Edith akamwambia dereva afunge vioo, mama ana kifua. Kioo kikapanda. Adolfu akavuta mkono, akaendelea kurekodi kwa nje akikimbia, mpaka barabara ilipokata kona.

Baadaye Bertilla alikuja, wakaitazama pamoja. Ilikuwa video ndefu, safi. Bibi Cornelia alionekana akizungumza bila kusita, hata akanyoosha mkono kuonyesha upande fulani, lakini kilichosikika kilikuwa injini tu, na pumzi za Adolfu.