Nukta Juu ya Jina la Işıl

Fundi Remzi mpaka leo anawahadithia watu kwamba siku ile nilitaka kulia. Sikutaka kulia. Nilitaka kuirusha kompyuta dirishani, na hilo ni jambo lingine kabisa.

Karakana yetu iko Bursa, Uturuki, na kazi yetu ni kukunja mabomba. Mengi ni ya moshi, ya mabasi yanayoundwa hapa hapa mjini. Mchoro unakuja kwenye faili, mimi naufungua katika programu ya mashine, programu inasoma bomba linanyooka wapi na linapinda wapi, kisha mashine inakunja. Fundi Remzi yuko mashineni, mimi Nermin niko kwenye kompyuta. Tumekaa pamoja kiasi kwamba tunagombana bila hata kuinua macho.

Alhamisi asubuhi akaingia Işıl juu ya kiti chake cha kila siku, begi refu limelala mapajani. Işıl anacheza mpira wa kikapu wa viti vya magurudumu. Kiti chake cha mchezo kilikuwa kimepasuka fremu mazoezini, na Jumamosi kocha wa timu ya taifa alikuwa anachagua wachezaji kule Ankara. Mwaka uliopita alikwenda na kiti cha kuazima, kilichopimwa kwa kiuno cha mtu mwingine, akarudishwa nyumbani kabla ya chakula cha mchana. Safari hii alimwomba Mjerumani mmoja mchoraji wa viti, jina lake Jochen, naye akamchorea fremu ya bomba moja lisilo na kiungo, la kukunjwa mara nane. Alimtumia na bomba lenyewe, aluminiamu nyepesi na ngumu ambayo kwetu haipatikani. Lilikuwa moja tu.

"Dada Nermin," akasema huku akifungua zipu polepole, "mkiliharibu hili nitakaa hapo mlangoni mpaka mnizike."

"Haliharibiki, mdogo wangu. Kunywa chai."

Nikafungua faili. Kwenye skrini zikatokea kona nane zinaelea hewani, kila moja peke yake, kama kucha zilizokatwa. Kati ya kona na kona hapakuwa na kitu. Vipande vyote vilivyonyooka vilikuwa vimepotea.

Fundi Remzi akaja na bilauri yake ya chai, akatazama, akavuta funda moja. "Binti, kompyuta yako imekula mifupa ikabakiza viungo."

"Nenda kwenye mashine yako, Fundi."

"Nasema ninachokiona."

Nikafanya yale anayofanya kila mtu. Nikaifunga programu nikaifungua tena. Nikalipakua faili upya, nikidhani limeharibikia njiani. Kucha nane. Nikaligeuza kuwa faili la aina nyingine, nikalirudisha. Kucha nane. Nikafungua faili la bomba la basi la wiki ile, likaja zima, limenyooka panapotakiwa. Basi programu haikuwa na ugonjwa. Nikaufungua mchoro wa Jochen katika kompyuta ya hesabu, kwa kitazamio cha kawaida cha michoro, na huko ukaonekana mzuri, una mifupa yake yote. Kumbe na faili nalo halikuwa na ugonjwa. Wazima wawili, wakikutana wanaugua. Hapo ndipo hasira zilipoanza kunipanda.

Nikampigia bwana wa Istanbul anayetuuzia programu. Akaniuliza kama nimejaribu kuizima na kuiwasha.

"Ndugu yangu," nikamwambia, "mimi mwenyewe nimeshazimika na kuwaka mara kadhaa tangu asubuhi."

Akasema atanipigia. Bado namsubiri. Jochen naye alikuwa likizo, anapanda milima, simu yake haipatikani.

Fundi Remzi akachoka kungoja. Akasema zamani walikunja mabomba kwa macho na akili, mashine ni uvivu tu. Akapima vipande kwenye kitazamio kwa kunisumbua mimi, akaviingiza vipimo mashineni kwa mkono wake, akaweka bomba la moshi la majaribio. Kona ya kwanza safi. Ya pili safi. Kwenye ya tano bomba likajigeukia lenyewe, na kufika ya saba lilikuwa linataka kuingia ndani ya mashine. Akalitoa, akaliinua juu, akalitazama pande zote.

"Ni kiti cha nani hiki?" Işıl akauliza. "Cha pweza?"

Tulicheka, lakini yeye hakucheka kwa muda mrefu. Mchomeleaji, wa kulifungia bomba hilo magurudumu, alikuwa anatungoja Ijumaa asubuhi. Bila bomba hakuna fremu, na bila fremu ni kile kiti cha kuazima tena, na Işıl alishaapa kwamba kwa kiti cha kuazima haendi. Alikuwa na miaka thelathini na mbili. Hakuna aliyelisema hilo, ila sote tulijua kocha hatamwita tena.

"Kama haiwezekani niambieni tu," akasema. "Sitagombana."

"Nimesema haiwezekani mimi?" Nikamkaripia, Mungu anisamehe. "Nimesema? Sogea hapa, usinikalie nyuma ya mgongo."

Akasogeza kiti mpaka kando yangu, akaanza kuikagua skrini. Akakunja uso.

"Sasa hii ndiyo nini? Mjerumani amenila herufi, sawa, kibodi yake haina. Nanyi pia mnaniwekea manukta?"

Juu ya skrini programu ilikuwa imeandika jina la faili kwa herufi kubwa: İSİL.

Hapa niwaeleze ninyi msiosoma Kituruki. Kwetu i ziko mbili. Moja ina nukta, nyingine haina, na ni herufi mbili mbali kabisa, kama kwenu kula na kura zisivyo kitu kimoja. Yenye nukta hata ikiandikwa kubwa haivui nukta yake, hukaa nayo kichwani. Isiyo na nukta haiwekewi kamwe. Jina la Işıl ni la zile zisizo na nukta, zote mbili, na tangu shule watu wanamkosea. Mimi Nermin nina yenye nukta, na sijawahi kupata taabu.

"Mimi sikuweka," nikasema. "Jochen ameandika isil, herufi ndogo. Nimeliona mwenyewe kwenye barua pepe."

"Basi nani kaweka?"

Nikaitazama tena skrini. Programu ni ya Kiitaliano. Mwitaliano hajui habari ya nukta juu ya herufi kubwa. Aliyeziweka ni kompyuta yetu, ambayo ni Mturuki kama sisi. Programu ilikuwa imeiomba, nikuzie herufi hizi, nayo ikazikuza kwa Kituruki.

Kama imelikuza jina, imekuza na maneno mengine. Nikalifungua faili kama maandishi matupu. Ndani yake kila kona ilianza na neno arc, na kila kipande kilichonyooka na neno line, yote kwa herufi ndogo. Faili za mabasi huja kwa herufi kubwa tupu, ndiyo maana hatukuwahi kuliona jambo hili. Arc haina i, ikikuzwa inabaki salama. Line inayo. Kompyuta yetu ikaigeuza kuwa LİNE, ikaitwisha nukta, halafu programu ikawa inatafuta neno lisilo na nukta, isilione, ikivitupa vipande vyote vilivyonyooka.

"Fundi!" Nikapiga kelele mpaka watu wa karakana ya jirani wakasikia. "Mifupa imeliwa na nukta!"

"Umelewa?" akaitikia kutoka mashineni.

Dawa ilikuwa nyepesi: niyabadilishe maneno yote yawe makubwa mimi mwenyewe, kompyuta isipate cha kukuza. Nikaamuru yabadilishwe, nikaandika neno jipya, nikahifadhi, nikafungua kwenye programu.

Kucha nane.

Hapo, nakiri, macho yaliniuma. Sikulia. Fundi Remzi akaifuta mikono yake, akalichukua lile bomba la Jochen, akasema kwa upole usio wake kwamba labda akijaribu kwa mkono, polepole, ataweza.

"Liweke chini," nikasema.

"Nermin, muda unakwisha."

"Liweke chini, Fundi! Hilo halina ndugu."

Akaliweka. Işıl alikuwa bado anaangalia maandishi yangu, kichwa kimeinama karibu na skrini. Ghafla akacheka kicheko kibaya.

"Dada. Umeandika kwa i yako."

Nikatazama. Kweli. LİNE, LİNE, LİNE, kutoka juu hadi chini. Kidole changu, kilichoandika Nermin maisha yake yote, kilikwenda chenyewe kwenye kitufe chenye nukta.

"Tumia yangu," akasema, akanyoosha mkono mbele yangu, akabonyeza. Herufi ikasimama wima, haina kitu kichwani.

Nikahifadhi. Nikafungua. Kona zikashikana, mifupa ikarudi mahali pake, na bomba zima likalala kwenye skrini kuanzia ncha hadi ncha. Fundi Remzi alikuja akasimama nyuma yetu, na chai yake ikapoa mkononi.

Tulikunja kwanza bomba la moshi, tukalipima kila upande, likalingana na mchoro. Kisha Fundi Remzi akaifuta mashine, akalipaka mafuta bomba la Jochen, akasema bismillah kwa sauti. Kila kona ilipokuwa inakunjwa Işıl alikuwa ameshika magurudumu yake kwa nguvu kana kwamba mtu anataka kumsukuma. Kona ya nane ilipoisha alilipokea bomba likiwa bado na mafuta, akaliweka magotini, na suruali yake ikaharibika.

"Alama yake tuandike nini?" Fundi Remzi akauliza, kalamu ya wino mzito mkononi, maana kila bomba letu lazima lipate jina la mwenyewe.

"Lete," Işıl akasema, akaandika mwenyewe.

Jumamosi sikufanya kazi ya maana. Fundi Remzi alijidai anasafisha mashine, akaisafisha mara mbili. Alasiri simu yangu ikalia. Ujumbe wa Işıl haukuwa na neno lolote, ila picha ya fulana nyekundu ya timu ya taifa imetandazwa juu ya magurudumu, mgongo wenye jina ukiwa juu.

Fundi Remzi akaninyang'anya simu, akaisogeza karibu na macho, akaisoma herufi moja moja kama anayekagua bomba.

"Hakuna nukta," akasema, akaenda nje haraka ili nisimwone.